Oili Iliyopanda

Kabla hajawa mwangalizi wa jenereta ya hospitali, Bi Kijiti alikuwa dobi. Miaka sita alifua mashuka ya wagonjwa katika chumba kilichopakana na chumba cha jenereta, ukuta mmoja tu katikati, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga mbele ya mlango ule. Nguo zikishafuliwa alizitia kwenye karai, akalibeba kichwani na kuzunguka jengo zima, jua likimchoma shingo, ili afike kwenye kamba za kuanikia kwa njia ya mbali. Wenzake walidhani anakwepa moshi. Wifi yake, aliyekuwa msafishaji wa chumba cha upasuaji hapo hapo hospitalini, ndiye pekee aliyejua anakimbia nini.

Mume wa Bi Kijiti, kaka wa huyo wifi, alikuwa fundi wa mashine ya kusaga nafaka. Asubuhi moja injini ya mashine ile ilipagawa. Ndivyo mafundi wanavyosema. Injini ya dizeli ikianza kunyonya oili yake yenyewe na kuichoma, hata ukiifungia dizeli haizimiki. Inakula kilichomo tumboni mwake na kuzidi kukimbia, mlio unapanda, unapanda, mpaka kitu kipasuke. Wateja walitoka mbio na magunia yao wakayaacha. Yeye aliingia, kwa sababu ilikuwa injini yake. Gurudumu zito la chuma lililokuwa ubavuni mwa injini lilipasuka vipande vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilimwacha mkewe mjane akiwa na miaka thelathini na minne.

Hayo wifi aliyajua. Kulikuwa na jambo moja zaidi la asubuhi ile ambalo Bi Kijiti hakuwa amemwambia mtu, si wifi, si mama yake mzazi, na lilikaa kifuani mwake kama tonge lililokwama.

Ilikuwaje basi mtu wa namna hiyo akakabidhiwa jenereta? Ni masikio yake. Alikuwa ameishi miaka kumi na mmoja na fundi, na ingawa hakutaka, alijua injini kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Siku moja akiwa anasuuza mashuka alisimama ghafla, akasema kwa sauti, "Hiyo inazimika sasa hivi." Mwangalizi wa zamani, mzee aliyekuwa akingoja kustaafu, alicheka. Hakumaliza kucheka, taa zikazimika. Muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, alikuwa amesimama mlangoni akasikia yote. Mzee alipostaafu, Sista alikwenda kumtafuta dobi wake.

"Sista, mimi naiogopa ile kitu," alimwambia.

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Waliotangulia hawakuiogopa, na umeona walivyoitunza."

Bi Kijiti aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu alikubali, na wifi alipomfokea nyumbani kwamba amerukwa na akili, alijibu, "Bora niwe ndani nikiiona kuliko niwe nje nikiisikia."

Jina la Bi Kijiti alilipata baada ya hapo, kwa sababu ya kijiti cha chuma cha kupimia oili. Kila asubuhi alikichomoa, akakifuta, akakichovya, akakisoma. Na kila injini ilipopumzishwa alikichomoa tena. Watu walimtania kwamba anaipima homa. Alicheka nao. Hofu, hata hivyo, haikumwacha kila aliposogea karibu na injini ile, miaka minne mfululizo, na alijifunza kufanya kazi nayo hivyo hivyo.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, na jenereta ilikuwa imekesha mara mbili. Kila saa mbili asubuhi iliruhusiwa kupumzika dakika ishirini. Wagonjwa waliohitaji oksijeni walihamishiwa kwenye mitungi, na wodi zote zilijua. Bi Kijiti aliizima, akangoja oili ishuke na kutulia chini, kisha akachomoa kijiti.

Oili ilikuwa juu ya alama ya juu, upana wa kidole kizima.

Alikifuta akapima tena. Akapima mara ya tatu. Injini iliyofanya kazi siku mbili mchana na usiku hupungua oili kidogo, haiongezeki. Na hakuna aliyeongeza, maana ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwake, na galoni moja tu ya oili iliyobaki ilikuwa bado na kizibo chake cha kiwandani.

Wakati huo alipita msimamizi wa majengo, mtu muungwana mwenye tai na kalamu tatu mfukoni, aliyejulikana hospitali nzima kama Bwana Baadaye kwa sababu ya jibu lake. Ukimwomba balbu, baadaye. Ukimwomba oili ya akiba, baadaye.

"Vipi mama, mbona umekikodolea macho hicho kijiti?"

"Oili imepanda, bosi."

"Imepanda? Si neema hiyo! Tutauza."

Bi Kijiti hakucheka. Alikinusa kijiti, kisha akampelekea puani. Bwana Baadaye alirudi nyuma. "Inanuka dizeli," alisema.

"Inanuka dizeli. Mafuta yanaingia kwenye oili. Kuna mahali panavuja ndani."

Ili asitegemee pua peke yake, alichukua karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu, akadondosha matone mawili. La kwanza lilitoka kwenye galoni mpya, la pili kwenye kijiti. Tone jipya lilikaa pale pale, nene, limejikunyata. Tone la injini halikukaa. Katikati lilibaki jeusi, lakini pembeni yake ilitambaa duara pana yenye majimaji, ikazidi kutambaa karatasini huku wanaiangalia. Alichovya kidole, akakisugua na dole gumba. Oili nzuri huvutika na kung'ang'ania ngozi. Hii iliteleza kama maji ya kuoshea vyombo.

"Ikiwa nyepesi hivi haishiki vyuma," alieleza. "Vyuma vitasagana mpaka vikwame. Hilo ndilo baya dogo." "Baya kubwa ni ikianza kuinyonya na kuichoma. Siiwashi hii, bosi. Inatakiwa ifunguliwe."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka jioni, nikibahatika."

Bwana Baadaye alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, pengine aseme neno lake lile, Sista alipotokea uani. Alikuwa anakimbia, na Sista hakuwa mtu wa kukimbia.

"Washa," alisema. "Nimeletewa mama mjamzito, anavuja damu. Daktari ameshanawa mikono. Nataka taa na mashine ya kunyonyea damu sasa hivi."

"Sista, injini ni mbovu. Ina dizeli ndani ya oili."

"Itawaka?"

"Itawaka. Shida yangu si kuwaka. Ni kuzimika."

Sista alimtazama. Kwa miaka hiyo minne habari ya mume ilikuwa imemfikia. Hospitali ndogo haina siri. Akasema kwa sauti ya chini, "Nipe dakika arobaini. Nikikuonyesha mikono miwili juu pale mlangoni, zima, wagonjwa wengine nitawaacha kwenye mitungi. Lakini arobaini nazihitaji. Wapo wawili pale mezani, mama na mtoto."

Kuna watu ambao hofu huwafanya wanyamaze. Bi Kijiti ilimfanya aseme haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha. Alimwambia Bwana Baadaye akimbie akazime kila kitu ambacho si chumba cha upasuaji: mashine za kufulia, majiko ya umeme, feni za ofisi, pampu ya maji, yote. Injini isibebe mzigo mkubwa, isipate joto. Msimamizi aliondoka mbio, tai imemrukia begani. Yeye mwenyewe alilala chini ya injini, akalegeza nati ya kumwagia, akaiacha ile oili nyepesi imwagike kwenye ndoo mpaka nusu. Akakaza. Akamimina galoni yake moja ya oili nzuri juu yake. Haikuwa tiba, ilikuwa kama kumpa mgonjwa maji ya kunywa, lakini dakika tano ndizo alizokuwa nazo.

Mwisho alifungua kifuniko cha kichujio cha hewa, akakitoa kichujio chenyewe. Ukabaki mdomo mtupu wa bomba ambalo injini huvutia pumzi, duara yenye ukubwa wa sahani. Injini iliyopagawa haizimwi kwa kunyimwa mafuta. Inazimwa kwa kunyimwa hewa. Hilo alikuja kulijua baada ya mazishi, kutoka kwa fundi mwingine aliyelisema kama jambo dogo, na siku hiyo alitapika.

Alitafuta cha kuzibia. Alipata ubao mpana wa kukunjia nguo kutoka kule kule kwenye chumba cha dobi, mzito, laini upande mmoja. Akauegemeza miguuni. Akabonyeza kitufe.

Injini iliwaka mara moja, kwa utii kabisa, na utii ule ulimtia hofu zaidi.

Hapo wifi yake akaingia. Sista alikuwa amemtuma awe macho ya Bi Kijiti: asimame kizingitini mwa chumba cha jenereta, atazame mlango wa upasuaji ng'ambo ya ua, aone mikono ikiinuliwa. Wifi aliona bomba lililo wazi. Aliona ubao.

"Toka simama nje kabisa," Bi Kijiti alimpigia kelele.

"Nikisimama nje sikuoni."

"Usinione! Ona mlango!"

"Naona vyote viwili," wifi alijibu, akakita miguu pale kizingitini.

Dakika kumi zilipita. Geji ya presha ya oili, ambayo kwa kawaida ilisimama kwenye nne, ilikuwa kwenye tatu. Bi Kijiti aliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyelala. Dakika ya kumi na tano, mbili na nusu. Alisikiliza. Kulikuwa na kijisauti kipya chini ya ngurumo, mgongano mdogo wa chuma na chuma, tik, tik, tik, ambao mtu mwingine asingeusikia. Alitaka kwenda haja ndogo. Alijikaza kisabuni, akahesabu vitu vilivyopangwa rafuni: spana saba, mkebe wa grisi, tochi, taulo kuukuu.

Dakika ya ishirini na mbili moshi wa bomba la nje ulianza kubadilika, ukawa na rangi ya samawati. Alijua maana yake. Oili ilikuwa imeanza kuonjwa.

Pengine ndiyo sababu alisema. Alidhani hatatoka mle ndani, na tonge lile hakutaka kwenda nalo. Alimsogelea wifi mpaka mdomo ukagusa sikio lake, akapiga kelele ili ashinde ngurumo.

"Asubuhi ile mimi ndiye niliyepima oili!"

"Nini?"

"Siku ile! Aliniambia nimpimie wakati anakunywa chai! Niliona imepanda! Nilidhani ameongeza! Sikumwambia! Umenisikia? Niliona, sikumwambia!"

Wifi aligeuza uso akamtazama. Midomo yake ilitikisika, alisema kitu, maneno mengi tena, lakini injini ilikuwa imeyameza yote. Bi Kijiti alitikisa kichwa kwamba hasikii. Wifi alirudia. Hakusikia tena. Kisha wifi alishtuka, akaukazia macho mlango wa ng'ambo ya ua, akamshika Bi Kijiti mkono na kuuinua juu pamoja na wake.

Sista alikuwa amesimama mlangoni, mikono miwili hewani. Ilikuwa dakika ya thelathini na nne.

Bi Kijiti alirudi kwenye injini akavuta kishikio cha kufungia dizeli. Ngurumo ilishuka. Ilishuka vizuri, kama inakwenda kulala, naye akaanza kupumua. Halafu ikakohoa. Ikasita. Na ikaanza kupanda.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kishikio, dizeli imefungwa kabisa, na injini ilikuwa inapanda. Moshi ulifumka. Mlio ukawa mwembamba, ukawa kilio, sakafu ikaanza kumtetemesha meno. Ulikuwa mlio ule ule. Alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, akiwa kwenye mlango wa nyumba yake na kikombe mkononi, na kila usiku tangu hapo. Miguu yake ilikataa. Si mfano wa maneno: aliiamuru iende na haikwenda. Alisimama kama mti uliopandwa, mita mbili kutoka kwenye ubao.

Wifi ndiye aliyepita. Aliruka kizingiti na kuuokota ubao, lakini hakujua auweke wapi. Aliuinua kama ngao, akazungukazunguka, macho yamemtoka. Kumwona pale karibu na gurudumu la injini, ubavu ule ule wa lile lililomuua mumewe, kukamkatia Bi Kijiti minyororo. Alimvamia, akamnyang'anya ubao, akaubandika kwenye mdomo wa bomba, upande laini ndani.

Injini iliuvuta ubao kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyake vilibanwa kwenye ukingo. Alihisi inanyonya, inatafuta pumzi. Ilitikisika nzima nzima, ikapiga mateke, mara moja, mara mbili. Kisha ikanyamaza.

Walikaa chini palepale, migongo ukutani, kila mmoja akimshika mwenzake bila kujua amemshika wapi. Masikio yalikuwa yanapiga filimbi. Huko nje, katika ukimya uliotanda hospitali nzima, waliweza kusikia mtoto mchanga analia kwa hasira.

"Nilikuambia alijua," wifi alisema.

"Nani?"

"Kaka. Nilikuwa nakuambia, husikii. Jana yake jioni alipita kwangu kuazima pampu ya baiskeli. Akasema oili ya mashine imepanda, kuna mpira umechoka ndani, ataufungua Jumamosi wateja wakipungua. Akasema usiambiwe, utamsumbua asiwashe mashine." Wifi alijifuta uso kwa mkono mchafu. "Mimi nimekaa nalo hilo miaka kumi. Nilidhani nikikuambia utamchukia."

Bi Kijiti alitazama vidole vyake viwili, vimechubuka na kuanza kuvimba. Kilichomjia kwanza hakikuwa nafuu. Kilikuwa hasira, hasira kavu juu ya mwanamume aliyekuwa amekufa, aliyemtuma apime kitu ambacho alikuwa ameshakipima. Alilia kwa hasira hiyo, wifi akamwacha alie.

Kazi iliyobaki ilikuwa kazi tu. Alifungua pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyo ubavuni mwa injini, akaukuta mpira wake wa ndani umepasuka kwa mstari mwembamba kama unywele. Hapo ndipo mafuta yalipokuwa yakipita kuingia kwenye oili. Nyuma ya ghala palikuwa na injini ya zamani ya kuvutia maji, iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, na pampu yake ilikuwa nzima. Waliihamisha. Bwana Baadaye alikwenda mwenyewe kununua oili, akarudi na madumu manne na kichujio kipya, akavua tai, akashika tochi saa mbili nzima bila kulalamika. Alipoona ubao ulivyoachiwa alama ya duara na bomba, aliutazama sana, kisha akauliza kama kuna kifaa cha chuma cha kufanya kazi hiyo, cha kuvutwa kwa waya mtu akiwa nje.

"Kipo," Bi Kijiti alisema. "Niliandika barua mwaka juzi."

Msimamizi aliinamisha kichwa. Kifaa kilifika wiki iliyofuata.

Saa kumi jioni ya siku ile Bi Kijiti aliwasha tena. Aliwaambia wote wasimame ng'ambo ya ua, akabonyeza kitufe peke yake. Alikaa nayo nusu saa, akaizima, nayo ikazimika. Akapima oili: ilikuwa kwenye alama. Akaiwasha tena. Mama yule wa upasuaji alitiwa damu chupa tatu, akabaki wodini siku kumi na moja, dhaifu, kisha akaenda nyumbani na mwanawe.

Siku ile ile umeme ulirudi kabla ya machweo, na Bi Kijiti na wifi yake wakatembea kurudi nyumbani kwa miguu kwa sababu hakuna kati yao aliyetaka kupanda kitu chenye injini. Walifika kwenye daraja. Kisha wifi akasema, pasipo kuulizwa, "Unajua aliogopa jogoo?"

"Nani aliogopa jogoo?"

"Kaka yangu. Tulipokuwa wadogo jirani alikuwa na jogoo mwekundu, kaka akimwona anapanda juu ya meza. Hata alipokuwa mkubwa. Ulidhani kwa nini hakukubali mfuge kuku?"

"Aliniambia wanachafua ua!"

"Alikuwa anaogopa jogoo," wifi alisema.

Bi Kijiti alisimama katikati ya daraja, akamwona mumewe, kifua kipana vile, juu ya meza. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akalazimika kushika ukingo wa daraja, na mpita njia mmoja akasimama kuwauliza kama wanahitaji msaada.